Boriti Tisa Katika Chumba cha Bi Zuhura

Nimeacha kazi mwaka huu, baada ya goti la kulia kuikataa ngazi. Hakukuwa na sherehe. Nilishuka kutoka kwenye paa la nyumba moja Mtongwe, nikaketi juu ya rundo la mawe nikilikanda goti, mwenye nyumba akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nimestaafu. Alidhani namfanyia mzaha, akaniuliza paa litaisha lini. Nililimaliza nikiwa chini, nikielekeza wengine, na tangu siku hiyo sijapanda tena.

Mafundi vijana wanaokaa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi pale Timbwani, wakingoja kuitwa, ndio walioniomba niandike. Baadhi yao niliwafundisha mimi kushika mwiko. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Nitakwenda kozi kwa kozi kama ukuta, na pale nilipokosea nitapaonyesha.

Sisi hatukuwa wajenzi wa maghorofa. Kazi yetu ilikuwa nyumba ambazo tayari zina watu ndani. Tuliondoa makuti tukaweka mabati, tukaingiza vyoo ndani, tukaongeza vyumba uani, tukainua kuta zilizokuwa fupi. Nyumba mpya haikutazami ukifanya kazi. Nyumba yenye watu inakutazama. Unabomoa ukuta wa jiko na upande wa pili mama anageuza chapati, na vumbi likiingia katika sufuria yake wewe ndiwe mchawi. Baada ya wiki moja unajua nani na nani hawasemeshani humo ndani, na unajifunza kutokujua.

Kazi nilifundishwa na fundi Masudi, mtu wa huku huku Likoni, mrefu, mwenye maneno machache. Nilipokwenda kwake nilikuwa mtu mzima tayari, nimeshachoka kubeba magunia. Nilidhani siku ya kwanza atanipa mwiko. Alinipa chekeche na mlima wa mchanga, akaenda zake. Nilichekecha siku tatu. Siku ya nne aliniita kwenye mapipa ya maji, akachovya kidole katika pipa la kwanza, akaonja, akatema. La pili vivyo hivyo. Kisha akaniambia nami nionje.

Visima vya Likoni havifanani. Hiki kina maji matamu, na cha jirani, hatua thelathini tu kuelekea baharini, kina chumvi. Ukikorogea simiti maji ya chumvi huoni kitu siku hiyo. Zege linakauka vizuri, mwenye nyumba anafurahi, unalipwa. Lakini chuma kilichofungiwa ndani kinaanza kuliwa polepole, kinavimba kwa kutu, na baada ya miaka kinalipasua zege kwa ndani. Fundi Masudi alionja kila pipa, kila siku, hata kama maji yametoka kwenye bomba. Mchanga nao alionja. Alinifanyia mchezo: nionje, niseme kisima cha nani. Mwaka wa pili nilikuwa nakisia visima vingi vya mtaa wetu bila kukosea, ujuzi ambao nje ya kazi hii hauna maana yoyote.

Fundi Masudi alipozeeka alinipa timazi lake na pima maji ya kusawazishia, akaniambia nitafute mwenzangu, maana mtu peke yake hawezi kushika kamba ncha zote mbili. Nikampata Kazungu. Tulikutana Changamwe katika kazi ya mtu mwingine, yeye akiwa juu anapigilia kenchi za paa, mimi chini kwenye mawe. Kwao ni upande wa Kisauni. Tukafanya kazi pamoja miaka ishirini na mitatu. Mbao, paa na fomu za kumiminia zege zilikuwa zake. Mawe, plasta na kukoroga vilikuwa vyangu. Hatukuandikiana chochote.

Nitawapa kisa kimoja cha miaka ile, kisha niende kwenye jambo lenyewe. Ndugu wawili wa Timbwani walirithi nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, wakagombana, wakataka tujenge ukuta katikati ya ukumbi kutoka mlango wa mbele hadi uani, kila mtu na nusu yake. Niliwaambia ukumbi utakuwa mwembamba. Wakasema wao pia ni wembamba. Tukajenga. Mwaka uliofuata mama yao alifariki katika chumba cha nyuma, na jeneza halikuweza kupinda kuingia. Tuliitwa kuubomoa ukuta watu wakiwa wamesimama nje wanangoja kusali. Kazungu alibomoa bila kusema neno, na yeye si mtu wa kukosa neno. Tangu hapo sipimi ukumbi kwa kitanda wala kwa kabati. Napima kwa jeneza, ila mwenye nyumba simwambii.

Sasa nyumba ya Mzee Athumani.

Mzee Athumani alikuwa amestaafu kazi ya bandarini. Mtoto wake wa kiume alikuwa Uarabuni, na mzee alitaka kumjengea vyumba juu ili akirudi aoe akae hapo. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili. Vyumba vya nyuma vilikuwa na wapangaji, na yeye na mkewe Bi Zuhura walikaa mbele, sebule na chumba kikubwa cha kulala. Juu ya vyumba hivyo viwili ndipo tulipotakiwa kumimina slabu, dari ya zege na vyuma. Kazi iliangukia Ramadhani, na mnajua Ramadhani ilivyo: kila mtu anataka nyumba iwe tayari kwa Idi. Mabomba yalikuwa makavu wiki nzima. Mzee akasema maji atatafuta yeye, sisi tushughulikie vyuma na fomu.

Siku ya kumimina, maji yalikuja kwa mikokoteni, mitungi mingi, yakamwagwa kwenye mapipa. Nilikuwa nimefunga. Nikasimama mbele ya pipa la kwanza kidole kimenyooka, na vibarua kumi na wawili wananitazama, wengi wao wamefunga pia. Kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, kwa mtu ambaye ndiyo kazi yake, hakufunguzi saumu. Hilo nilikuwa nimeshaulizia zamani, na nilijua. Lakini niliona haya. Niliona watasema fundi Bakari anakunywa maji mchana kwa kisingizio cha simiti. Nikashusha mkono.

Nilijiambia Kazungu ameonja, kwa kuwa yeye si Mwislamu na hafungi. Kumbe Kazungu, kwa miaka yote ile, hakuwahi kutia kitu kinywani mbele yetu mwezi wa Ramadhani, kwa heshima tu, na alijiambia mimi nimeonja kwa kuwa maji ni upande wangu. Tukamimina hadi adhuhuri. Magharibi Bi Zuhura akatuletea sinia la futari, tambi na viazi vya nazi. Slabu ikakauka ikawa nzuri, imenyooka. Niliisifia mwenyewe.

Baada ya Idi nilimuuliza Kazungu, kwa mzaha, maji yale yalikuwa ya kisima gani. Tukatazamana. Sitawaeleza zaidi mtazamo ule.

Hatukufanya kitu. Tulisema labda yalikuwa matamu. Vyumba vya juu havikujengwa, maana mtoto alioa huko huko, na slabu ikabaki ya kuanikia nguo. Kila nilipopita njia ile niliinua macho, na sikuona ufa, nikamshukuru Mungu, nikapita.

Ikapita miaka tisa. Katika miaka hiyo mke wangu Mwanasiti aliugua, akafariki. Tulizika Ijumaa, hitima ikasomwa siku ya tatu, Jumatatu nikawa kazini Shika Adabu naweka vigae bafuni. Ndivyo ilivyo kwetu wanaume. Hakuna anayekukataza kutoka. Kazungu alinipokea kwa kunipa chai, akasema vigae vimekuja pungufu. Alikuwa akijaribu kunisaidia. Mwanasiti alikuwa akinusa shati langu nikirudi na kuniambia leo nilikuwa na chokaa, leo rangi ya mafuta. Wiki ile nilirudi na harufu ya gundi ya vigae na shati nikalivua mwenyewe, nikaliloweka. Watoto wako mbali na wana mambo yao. Nimeandika haya ili muelewe yanayofuata, basi.

Mwaka mmoja baada ya kifo cha Mwanasiti, Mzee Athumani akafa, ghafla, chumbani mwake. Nilikwenda kwenye hitima. Wanaume tulikaa sebuleni, msomaji anasoma, watu wameinamisha vichwa. Mimi niliinua changu, kwa mazoea ya kazi, na nikauona. Ufa ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula, kutoka taa hadi ukutani, na kando yake doa la kahawia. Hatua moja mbele, mwingine. Ufa unaokwenda ovyo ni wa plasta. Ufa unaofuata mstari wa chuma ni wa chuma. Watu waliitikia amin nami nikaitikia, macho juu. Nadhani nilikuwa mtu pekee mle ndani aliyekuwa anaogopa dari.

Nikajua pia jambo la pili. Bi Zuhura anaingia eda. Miezi minne na siku kumi atakaa ndani ya nyumba hiyo, katika chumba kile cha kulala, chini ya slabu ile ile.

Nilimwomba shemeji yake Bi Zuhura ruhusa ya kupita nikague chumba wakati mwenyewe yuko bafuni. Juu ya kitanda kipande cha zege kama kiganja kilikuwa kimeshaanguka, chuma kiko wazi, chekundu. Nikaenda moja kwa moja kumtafuta Kazungu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Bakari, zege linazeeka. Sema limezeeka. Hilo si uongo."

"Miaka tisa?"

"Kwani wewe na mimi hatukuzeeka kwa miaka tisa? Mwambie ahame, tulibomoe tumtilie mabati, bure, sitaki senti. Lakini ukianza habari za maji, hakuna mtu Likoni atakayetupa hata choo tujenge. Na mimi bado nina watoto shuleni."

Nataka mfahamu kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tayari kufanya kazi yote ile bila malipo. Alichokataa ni maneno.

Nikamwendea imamu wa msikiti wetu. Akasema mjane akihofia nyumba kumwangukia anaruhusiwa kuhama akamalizie eda mahali pengine salama, hana dhambi. Nikaenda kwa Bi Zuhura na ruhusa hiyo kama mtu aliyebeba dawa. Nilisimama ukumbini, pazia la mlango wa chumba limeshushwa, na dada yake mkubwa, Bi Mwanaisha, ameketi kwenye kigoda nje ya pazia. Nikatoa shikamoo, nikapewa pole za Mwanasiti ambazo sikuzitarajia, kisha nikasema slabu imechoka, inaweza kuanguka, na imamu amesema anaweza kwenda kwa binti yake Kisauni.

Nilisema imechoka. Nilifanya kama Kazungu alivyosema.

Bi Zuhura akasema, "Ametoka humu, na mimi nitatoka humu humu, eda ikiisha. Wewe ni fundi. Ishikilie."

Basi tukaishikilia. Bi Zuhura alihamia chumba cha mpangaji mmoja aliyempisha kwa siku moja, nasi tukaingia. Sebule tuliifunga kabisa. Katika chumba tulisimamisha boriti tisa, kila moja juu ya kipande cha ubao na chini ya mbao ndefu iliyobeba slabu, na kwenye mguu wa kila boriti kabari mbili zilizogongwa zikabana. Kitanda tulikipitisha katikati. Kazungu ndiye aliyepima, na kazi yake siku hiyo ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kuona. Tulipomaliza aliosha mikono, akaniambia ameitwa kwenye ujenzi mkubwa Bamburi, kazi ya mwaka mzima, ataanza Jumatatu. Hatukugombana. Ingekuwa afadhali. Aliniambia tu, "Utamwambia. Nakujua. Ukimwambia usinitaje."

Hapa namtaja. Nilimpigia simu kabla ya kuandika ukurasa huu. Alisema niandike, ila nisisahau kusema kwamba hakuna paa lake hata moja lililowahi kuvuja. Halijawahi kuvuja.

Boriti zinanyauka na ubao unabonyea, kwa hiyo kabari hulegea. Lazima zigongwe. Mara moja kwa wiki ingetosha. Mimi nilikwenda kila siku, saa tatu asubuhi. Nilipiga hodi, Bi Mwanaisha akaitikia, Bi Zuhura akatoka kwa mlango wa pili kwenda ua wa wanawake, mimi nikaingia. Nilizunguka boriti tisa na nyundo, nikisikiliza sauti. Boriti iliyobeba mzigo inalia juu kama kengele ndogo. Iliyolegea inalia kama mlango. Nikimaliza natoka ukumbini, yeye anarudi chumbani, na kupitia pazia ananiuliza hali za boriti.

Mwanzoni ilikuwa maneno mawili, nzuri, alhamdulillahi. Baadaye akawa ananipa ripoti. Ya tatu ililia alfajiri. Ya sita inatoa mchanga. Bi Mwanaisha alikuwa ameshaanza kuanika kanga zake juu ya mbao.

"Fundi, umetufanyia msitu humu ndani," aliniambia siku moja. "Bado nyani tu."

Kutoka nyuma ya pazia Bi Zuhura akasema, "Nyani anakuja saa tatu kila siku, dada. Ana nyundo."

Bi Mwanaisha alicheka hadi akashika kigoda. Nami nilicheka. Nilipofika njiani nilishangaa, kwa sababu sikukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Walikuwapo walionitania dukani. Wakasema kabari gani hizo zinalegea kila siku, wakasema fundi anahesabu siku za eda kuliko mjane. Kama kulikuwa na kitu cha namna hiyo moyoni mwangu, kilikuwa kidogo na sikukipa nafasi. Nilichokipenda ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyejua saa ninayofika.

Siku moja, mwezi wa tatu, aliniuliza nilikaa siku ngapi nilipofiwa.

"Tatu," nikasema.

"Ya nne ulifanya nini?"

"Niliweka vigae."

"Mimi wamenipa miezi minne na naona haitoshi. Wewe wamekupa siku tatu. Ulizifanyia nini?"

Nikamwambia sikumbuki, watu walikuwa wengi. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikakaa kitandani mchana wote, na hiyo ndiyo iliyokuwa siku yangu ya nne, kama naruhusiwa kuhesabu hivyo.

Lakini kila siku nilipoaga alisema, "Mungu akulipe, fundi." Na kila siku neno lile liliniingia kama kibanzi. Alidhani namtendea hisani. Mimi nilikuwa nashikilia makosa yangu mwenyewe yasimwangukie kichwani, na ananiombea dua. Nilipanga kusema Jumatatu, nikapanga kusema Ijumaa. Nilijiambia si vizuri kumsumbua mtu katika eda. Ilikuwa kweli, na ilikuwa pia kisingizio. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa nikisema atamtafuta fundi mwingine wa kugonga kabari.

Eda ilipobaki siku moja nilikwenda kama kawaida. Nikagonga zote tisa. Nikatoka ukumbini, Bi Mwanaisha yuko kwenye kigoda chake anachambua mchele. Sikungoja kuulizwa hali.

Nilisema, "Bi Zuhura, slabu hii haikuchoka. Niliimimina kwa maji ya chumvi. Ilikuwa Ramadhani, niliona haya kuyaonja mbele ya watu. Nilijua baada ya Idi kwamba hakuna aliyeonja, na nimenyamaza miaka tisa, na miezi hii minne nimenyamaza mbele ya pazia lako. Kosa ni langu. Ukitaka fundi mwingine abomoe nitamleta na nitabeba gharama mimi."

Mikono ya Bi Mwanaisha ilisimama ndani ya ungo.

Bi Zuhura akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Najua, fundi."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Marehemu aliwaambia wenye mikokoteni wachote popote, mradi maji yafike kabla ya jua kukaza. Wakaenda kisima cha pwani. Aliniambia jioni ile ile, mkiwa mnakula. Nikamwambia mwambie fundi. Akasema, fundi huonja maji siku zote, kama ni mabaya ataniuliza. Hukumuuliza."

Sikuhisi mzigo umepungua. Watu husema ukikiri unapungukiwa na uzito. Mimi niliona tu kwamba mzigo ule ule ulikuwa na mikono mingi kuliko nilivyodhani, na mmoja wa wenye mikono hiyo tumeshamzika, na siwezi tena kukaa naye barazani tukaulizana.

"Na wewe," nikasema, "miezi hii yote hukuniambia."

"Ningekuambia, ungeendelea kuja kila siku?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno rahisi, na mtu mwenye adabu angelisema. Bi Mwanaisha alikuwa ananitazama akitaka nilitamke.

"Sijui," nikasema.

"Na mimi sikujua," akasema Bi Zuhura. "Ndiyo sababu."

Kesho yake alitoka eda. Wanawake walijaa nyumba nzima, nami sikwenda. Keshokutwa alipelekwa Kisauni kwa binti yake kwa muda wa kazi, nikaingia na vibarua wanne. Tulibomoa kutoka juu kidogo kidogo kwa siku sita, boriti zikiwa zimesimama. Vyuma vilivyokuwa vinene kama kidole vilikuwa vimebaki kama kijiti cha kiberiti. Vingine nilivivunja kwa mkono. Nilimtarajia Kazungu Jumapili, siku yake ya mapumziko. Hakuja. Nikaweka kenchi mwenyewe, zikawa si nzuri kama zake lakini zimenyooka, nikapiga mabati, nikaziba mapengo ya juu ya kuta kwa mawe na plasta nyepesi. Maji nilionja yote, mbele ya watu wote.

Bi Zuhura alirudi baada ya mwezi. Nilikuwepo kumkabidhi. Nilimwona uso kwa mara ya kwanza tangu kabla ya msiba; amekonda, na ana mvi ambazo hakuwa nazo. Alitazama juu, akatazama chumba kilivyo kikubwa bila boriti. Akasema ni kizuri. Akanishukuru mbele ya watu, kama inavyotakiwa, nami nikajibu kama inavyotakiwa. Hatukuwa na la kuzungumza. Pazia lilikuwa limefungwa kando kwa utepe, na tulisimama pande mbili za mlango ulio wazi tukitazamana viatu.

Tangu hapo nimepita njia ile mara nyingi. Nyumba imekaa vizuri. Paa langu halihitaji kugongwa, kwa hiyo sina la kusema nikibisha hodi, na mtu hawezi kupiga hodi kwa mjane akasema amekuja tu. Bi Mwanaisha amesharudi kwake Mtongwe. Wapangaji wa nyuma wanatoka asubuhi, wanarudi jioni. Nikipita saa tatu mlango huwa umefungwa, na ndani nasikia redio.

Nyinyi vijana mna sababu ya kuingia, mimi sina tena. Nyumba hamwezi kuikosa, ni ile yenye baraza ya saruji nyekundu kabla ya kufika shule ya msingi. Akiwaita kwa kitu kidogo, bawaba au bomba linalotona, nendeni siku hiyo hiyo. Akiwapa chai, kaeni mnywe. Kazi yenyewe itakuwa ya nusu saa. Msiharakishe kuimaliza.